Uzi maalumu: Baiskeli za mazoezi za zamani, ipi tuiponye na ipi tuichinje

#1 Kotapini

Wakuu habari za jioni, na wazee wetu humu shikamooni.

Niko Göteborg, Uswidi, kwetu Tabora. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli, kijiwe chake chini ya mwembe, na mimi nimekua nikimshikia spana. Huku naendesha basi. Ila kwenye stoo ya chini ya jengo tunaloishi nina baiskeli saba ambazo tangu zitoke kiwandani hazijasogea hata hatua moja. Ni baiskeli za mazoezi, zile za chuma kitupu za miaka ya 60 hadi mwanzoni mwa 80, kabla ya maplastiki na vioo vya namba.

Huku zinatupwa. Mzee anafariki, watoto wanakuja kuhamisha vitu, na mashine ya karibu kilo 50 hakuna anayetaka kuishusha ngazi. Unaikuta kwenye loppis, ndiyo minada yao ya mitumba ya wikendi, kwa kroni 100 au 200, na mara nyingi mwenye nayo anakwambia chukua bure mradi uibebe mwenyewe. Ikikosa mtu inaishia kwenye kontena la chuma chakavu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya kosa nililofanya mwaka jana, na bado linaniuma. Nilikuwa na Monark mbili, mashine za Kiswidi, za pendulumu, yaani uzito unaobembea pembeni na kuonyesha namba kwenye kipimo. Ya kwanza ni ya bluu, ndiyo niliyoanza nayo na naipenda, lakini uso wa kipimo ulikuwa umefutika na mkanda wa breki umeoza. Ya pili ilikuja imekamilika, isipokuwa kiti kilichochanika na kutu ya juu juu. Nikaamua kuichinja ya pili ili niiponye ya bluu. Nikatoa kipimo, mkanda, pendulumu, pedali, gololi zote. Fremu nikaipiga grainda vipande viwili ili ienee kwenye gari, nikaipeleka kwenye kontena la chuma.

Wiki iliyofuata nasugua rangi ya ile ya bluu kwa brashi ya waya, nakutana na ufa kwenye welding, pale bomba la mbele linapobeba ekseli ya gurudumu zito. Ulikuwa umezunguka karibu nusu ya bomba. Na fremu niliyoikata haikuwa na ufa wowote!

Baba asingefanya vile. Mteja akimletea baiskeli mbili ili itoke moja, alikuwa anazipindua zote mbili matairi juu, anazifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, anapitisha kucha kwenye kila welding, ndipo anauliza ipi inabaki. Mimi nilianza na spana kabla ya tambara.

Basi naomba humu tuwekane sawa. Anayezikusanya, anayezitengeneza, aliyewahi kufungua hata moja, aseme anachojua. Mashine hizi kampuni nyingi hazitengenezi tena spea zake, kwa hiyo kila iliyokatwa bila sababu imepunguza idadi.

#2 Mzee wa Gereji

Marahaba kijana. Pole sana, na Mungu amrehemu mzee wako.

Sasa hiyo ya bluu kwa nini unaizungumzia kama maiti? Mimi niko Gerezani hapa Dar, nachomelea tangu 1988. Ufa wa bomba siyo mwisho wa fremu. Tafuta mwisho wa ufa pande zote mbili kwa kioo cha kukuzia, halafu toboa tundu dogo la milimita 3 pale pale unapoishia. Tundu hilo linauzuia usiendelee kutembea. Baada ya hapo fungua ufa kwa grainda uwe kama herufi V, chomelea polepole kwa vipande vifupi ukipisha chuma kipoe, mwisho vika bomba la nje kama mkono wa shati, nusu kwa nusu, ulichomelee kingo zake. Ukichomelea juu juu bila kutoboa, utarudi hapo hapo baada ya miezi michache.

Ngoja nikuulize, ulipoikata ile nyingine ulibakisha lile bomba lake la mbele?

#3 Kotapini

Mzee wangu, sikubakisha. Nilichobakiwa nacho ni vitu vya ndani tu. Lakini hilo la tundu sikulijua, nashukuru mno. Nitatafuta mtu wa kuchomelea kwa gesi, bomba lenyewe ni jembamba.

Niwaeleze wengine kwa nini mashine hii naisumbukia. Monark ilianzishwa mwaka 1908 mjini Varberg, siyo mbali na hapa nilipo, na Birger Svensson. Ilikuwa kampuni ya baiskeli za kawaida. Mwaka 1954 mtafiti wa hapa Uswidi, Wilhelm von Döbeln, alichapisha muundo wa baiskeli ya kupimia kazi ya mwili ambayo haihitaji umeme hata kidogo, na ndio msingi wa hizi za pendulumu. Gurudumu la mbele ni sahani nzito ya chuma ya kilo 20 na ushee. Limezungushiwa mkanda. Ukikaza mkanda, msuguano unavuta pendulumu, pendulumu inapanda pembeni kwenye kipimo chenye namba, 1, 2, 3 mpaka 7. Hizo ni kilopondi, yaani nguvu ya uzito wa kilo moja moja.

Sasa tazameni hesabu yake. Sproketi ya mbele ina meno 52, ya gurudumu meno 14, na mzingo wa gurudumu ni kama mita 1.62. Gawanya 52 kwa 14, zidisha kwa 1.62, unapata mita 6. Kila ukimaliza mzunguko mmoja wa pedali, ukingo wa gurudumu umesafiri mita 6. Walipanga iwe hivyo makusudi. Ukipiga mizunguko 50 kwa dakika, ni mita 300. Kama umekaza kwenye 2, basi umefanya kazi ya kilopondi-mita 600 kwa dakika, ambayo ni karibu wati 100. Mtu mwenye saa ya mkono na kichwa cha darasa la saba anajua kwa hakika mwili wake umetoa kiasi gani. Hakuna betri, hakuna programu ya kusasisha.

Ndiyo maana sproketi ya meno 52 na ile ya 14 ukizikuta kwenye Monark iliyokufa usizitenganishe. Ukiweka ya meno 48 uliyotoa kwenye baiskeli ya Phoenix itazunguka vizuri tu, lakini kipimo kitakuwa kinakudanganya kila siku.

#4 Tabibu Viungo

Habari zenu. Mimi husoma humu kimya kimya ila leo imenibidi nijisajili.

Ni mtaalamu wa fiziotherapi, nipo Moshi. Kliniki tunayofanyia kazi ina Monark kama hiyo, ya rangi ya machungwa, iliachwa na marafiki wa Uswidi miaka mingi kabla sijaajiriwa. Tunaitumia kwa wagonjwa wa goti na waliopata kiharusi. Tatizo ni kwamba mgonjwa akiwa kwenye 1 analalamika kama yuko kwenye 2, na mkanda ukiwa umelegea kabisa mshale haurudi kwenye sifuri. Fundi mmoja alishauri tuitoe tukanunue ya kisasa. Kaka Kotapini, inatengenezeka au ndiyo nayo ya kuchinjwa?

#5 Kotapini

Dada yangu, tafadhali usimruhusu mtu aiguse kwa grainda. Hiyo haijafa, imepoteza sifuri tu.

Kwanza iweke kwenye sakafu iliyonyooka. Mashine ikiinama, pendulumu inainama nayo, na sifuri haiwezi kukaa. Weka bakuli la maji juu ya sakafu au pimamaji ya fundi mwashi. Pili, legeza mkanda kabisa, utaona ule ubao wa namba umeshikwa kwa skrubu au nati. Ilegeze, usogeze ubao mpaka mstari wa sifuri ukae sawa na alama ya pendulumu, kaza.

Hapo sifuri imerudi, lakini bado hujui kama 4 ni 4 kweli. Toa mkanda kwenye gurudumu, na pale unapovutia pendulumu ning'iniza uzito wa kilo 4 kamili. Usichukue paketi za sukari ukaamini maandishi. Nenda duka lenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, pima mchanga ndani ya mfuko pamoja na mfuko wenyewe na ndoano, jumla ifike kilo 4. Ukining'iniza, pendulumu isimame kwenye 4. Isipofika 4, ndani ya lile bonge la chuma la pendulumu kuna uzito mdogo unaosogea, umefungwa kwa skrubu. Fungua, usukume juu kidogo, funga, jaribu tena. Ikipita 4, ushushe.

Kuhusu mgonjwa kulemewa kwenye 1, angalia mkanda. Ukiwa umechafuka au umekauka unashika kwa mikupuo, na ukingo wa gurudumu ukiwa na kutu ni hivyo hivyo. Sugua ukingo kwa msasa laini wakati mtu anazungusha pedali taratibu, futa vumbi, na usiweke grisi wala oili hapo hata tone moja. Cheni nayo iangalie. Kipimo kinahesabu kazi ya kwenye mkanda peke yake. Nguvu inayopotea kwenye cheni kavu na gololi zilizochakaa mgonjwa anaitoa lakini haiandikwi popote.

#6 Nyikani MN

Salamu kutoka Minneapolis, theluji hadi magotini.

Kotapini umenigusa. Huku Marekani ugonjwa wangu ni Schwinn, ya Chicago, kampuni ya tangu 1895. Nina Airdyne mbili. Ilitoka 1978, na haina mkanda wala pendulumu. Mbele kuna feni kubwa ndani ya kizimba cha waya, unakanyaga na miguu huku mikono inasukuma na kuvuta zile fito mbili. Upepo ndio breki. Ukiongeza kasi mara mbili, upepo unakudai nguvu mara nane, kwa hiyo haina haja ya kukazwa, mwili wenyewe ndio unaoweka kiwango. Mama yangu alipokuja kututembelea ana miaka 71, aliikalia akasema inampepea uso kama yuko dirishani kwenye basi la kwenda Singida. Akaendelea nayo kila asubuhi mpaka siku ya kuondoka.

Nataka nichangie jambo moja la pedali, maana limeharibia watu wengi kranki nzuri. Mashine za Kimarekani za zamani nyingi zina kranki ya kipande kimoja, chuma kilichopindwa kinapita katikati ya fremu kutoka upande huu hadi ule. Nyuzi za pedali yake ni za inchi 1/2. Kranki ya vipande vitatu ni inchi 9/16. Kwa macho zinafanana, na mtu mwenye haraka anailazimisha. Pima kwa kalipa kwanza. Halafu pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, unaifungua kwa kuzungusha kama unakaza. Nimenunua mashine tatu ambazo mtu aliishambulia pedali ya kushoto kwa bomba refu akidhani imeshikwa na kutu, kumbe alikuwa anaikaza.

Swali kwako: kwa nini unajiita Kotapini?

#7 Kotapini

Mkuu hilo la pedali ni dhahabu, asante.

Jina ni la heshima kwa mzee. Kotapini ni ile pini iliyochongwa upande mmoja inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Phoenix zote zilikuwa nayo, na mashine zangu za zamani zaidi za Ulaya zinayo vilevile. Siku ya kwanza nilipoigeuza Monark ya bluu nikaiona pale, nilihisi kama nimekutana na mtu wa nyumbani.

Na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaipiga kwa nyundo ndogo mara thelathini, kichwa cha pini kinatanuka, kranki inapinda. Baba alikuwa anafanya hivi: analegeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini ili nyuzi zisife, anaweka bomba zito chini ya kranki likiwa limesimama sakafuni, pini ikiwa usawa wa tundu la bomba. Halafu anapiga mara moja, nyundo kubwa. Kama haikutoka anailoweka kwa mafuta ya taa usiku kucha. Alikuwa akisema pigo la pili ni la hasira, na hasira haina spea. Kotapini mpya ni bei ya soda, ila kranki iliyopinda ya mashine ya 1965 hutaipata.

#8 Binti Mwambao

Asalaam aleikum wana uzi. Mimi wa Mombasa, Majengo. Nauliza kwa dhati: gurudumu la kilo 20 kama hilo, si mtu aweza kulifunga altaneta ya gari apate umeme wa nyumba? Ndugu yangu ashapewa moja na hoteli iliyofungwa, fremu imeliwa na chumvi ya bahari yote, imebaki gurudumu na cheni. Kaka zetu wa jua kali wamwambia watamfanyia jenereta.

Na kwa wapenda historia: Titanic ilipozama 1912 ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye baiskeli mbili za aina hii. Siku zote nikipita Kilindini huwaza zile mbili kule chini.

#9 Kotapini

Waaleikum salaam dada. Hizo mbili za Titanic hakuna atakayezichinja.

Jenereta itawaka, ila mweleze ndugu yako hesabu kabla hajatoa pesa. Mtu mwenye afya, asiye mwanariadha, anaweza kutoa kama wati 100 kwa muda wa saa moja, na atashuka amelowa. Uniti moja ya umeme ni wati 1000 kwa saa moja. Maana yake ni saa kumi za kukanyaga kwa uniti moja, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye altaneta na betri. Kwa taa mbili tatu za LED na kuchaji simu, sawa. Kwa friji, hapana.

Fremu iliyoliwa na chumvi kweli ni ya kuchinjwa, hilo silipingi. Gurudumu likiwa halijaliwa kwenye ekseli, nadhani lina kazi bora kuliko umeme, lakini Mzee wa Gereji atanisahihisha.

#10 Mzee wa Gereji

Sina cha kukusahihisha, nina cha kuongeza. Mnawajua wanoa visu wanaopita mitaani na fremu ya baiskeli, anakanyaga, jiwe linazunguka mbele ya usukani? Taabu yake kubwa ni kwamba ringi ya baiskeli ni nyepesi. Akibana panga, jiwe linasimama, anaanza upya. Miaka minne iliyopita kijana mmoja wa Buguruni aliniletea gurudumu la mashine ya mazoezi alilotoa kwenye chuma chakavu. Tukalitolea ekseli mpya kwenye mashine ya kukereza, tukalifunga chini ya kiti, jiwe likabaki juu likivutwa na mkanda. Likishakolea mwendo, panga haliliondolei kasi. Ananoa mapanga ya buchani mpaka leo.

Ila kuna masharti. Gurudumu la chuma cha kumwaga, ukiligonga kwa nyundo lilie kama kengele. Likitoa sauti ya mtungi uliopasuka, lina ufa, na ufa kwenye kilo 20 zinazozunguka ni hatari kwa mguu wa mtu. Lazima liwekewe kifuniko, watoto wana vidole. Na msilifungie fraiwili ya baiskeli ya mtoto, haiwezi uzito huo.

Dada wa Mombasa, mwambie ndugu yako atembelee wanoa visu wa Kongowea kabla ya jenereta.

#11 Nyikani MN

Tafadhali niongeze la usalama kabla watu hawajaanza kufungua. Pedi za breki za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Ukikuta mashine inayobana gurudumu kwa pedi ngumu za kijivu, usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kompresa. Lowesha kwa maji, futa kwa tambara bichi, vaa barakoa, tambara ulifunge kwenye mfuko ulitupe. Rangi za zamani nazo zaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo msasa wa majimaji ni bora kuliko mkavu, na watoto wasiwe karibu. Mimi nafanyia gereji mlango ukiwa wazi, hata kwenye baridi hii.

#12 Kotapini

Ndugu hilo nilikuwa silizingatii. Kesho nanunua barakoa.

Ya kwangu: jumamosi nimempata mzee mmoja wa Kifini mwenye gesi. Tumetoboa tundu mwisho wa ufa kama alivyoelekeza Mzee wa Gereji, tumefungua V, tumechomelea kwa vituo vinne, tumevika bomba la nje. Nimezungusha gurudumu kwa mkono, nimeweka kidole kwenye bomba, halitetemeki. Vitu vya ndani vya ile niliyoikata vimeingia vyote, isipokuwa kiti. Nitaiacha wiki mbili bila rangi mahali pa welding ili nione kama ufa unarudi.

Mzee wa Kifini alipomaliza akaniambia kwao walikuwa na Tunturi sebuleni, ilikuwa kampuni ya kwao ya mashine hizi, na baba yake alikuwa akiikalia akisikiliza taarifa ya habari. Hakutaka hela. Nimempelekea chapati na maharage ya nazi.

Dada Tabibu, umefikia wapi?

#13 Tabibu Viungo

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na wagonjwa wengi.

Sakafu ya chumba chetu inaelekea mlangoni, hatukuwahi kujua. Tumeihamishia mashine kona ya dirishani, fundi mwashi wa hapa akaja na pimamaji, tukaweka kipande cha mpira chini ya mguu mmoja. Sifuri ikarudi bila hata kugusa ubao. Mchanga tumeupima kwenye duka la mahindi, kilo 4 na mfuko na ndoano. Mara ya kwanza pendulumu ilisimama kwenye 3 na nusu. Yaani tulikuwa tunaandika 3 na nusu kwenye faili wakati mtu amebeba 4, na hatujui ni kwa miaka mingapi. Nimesukuma ule uzito wa ndani juu kama ulivyosema. Mara ya tano ikasimama kwenye 4, tukaitoa, tukaning'iniza tena, 4.

Ukingo tumeupiga msasa, cheni imepata oili. Mama mmoja wa goti, wa kutoka Marangu, leo amekanyaga dakika sita kwenye 1 bila kusimama. Akauliza kama tumenunua mpya.